Ahadi ya Rahila Isiyoandikwa

Kikwajuni, Unguja,
9 Februari 2024.

Mpendwa Kaka Mansour,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Maskati u mzima, wewe na wifi Rukaiya, na goti lako liwe limepoa. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Wanu, mjane wa marehemu mdogo wetu Kheir, ameanza tena kupika mikate ya kumimina ya kuuza. Mimi ndiye mwonjaji, ndiyo maana nimenenepa.

Wiki iliyopita uliniuliza kwenye simu kwa ukali, "Kwani kesi si ilikwisha?" kisha ukakata. Nakuandikia kwa kuwa ukiisikia sauti yangu hunipi nafasi ya kumaliza.

Yule aliyehukumiwa kwa kumuua Kheir alikata rufaa. Unajua aliyeona kwa macho yake ni binti yake Rahila peke yake, naye siku anatoa ushahidi alikuwa na miaka minane. Majaji wa rufaa wamesema mtoto wa umri ule anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, lakini lazima kwanza aahidi kwamba atasema kweli, na ahadi hiyo iandikwe. Kwenye kumbukumbu za kesi haimo. Basi maneno yake yote yamefutwa, hukumu ikaanguka nayo, na kesi itasikilizwa upya. Mtu mwenyewe bado yumo ndani.

Sasa nisikilize, kaka, maana hili hata Wanu halijui. Asubuhi ile ya kesi nilikuwa namsuka Rahila. Nikamwambia kama tulivyofundishwa sisi: "Jina la Mungu si la kuchezea, mwanangu. Wakikwambia uape, usiape." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akaenda, akakataa kuapa. Jaji akamwacha aseme tu, wala hakumtaka ahadi. Kusahau alisahau yeye, lakini chanzo ni mimi. Najuta mno.

Mwendesha mashtaka anataka kujua kama Rahila atasimama tena. Wanu anasema wewe ndiye ami yake, neno ni lako. Mimi nilikusudia kukuomba ukatae, maana tangu habari hizi zifike, mwezi mzima sasa, mtoto hali vizuri na hasemi na mtu.

Juzi nikamkalisha jikoni, nikamweleza yote, na kosa langu nikalitaja. Alinitazama sana, kisha akauliza, "Kwa hivyo, shangazi, hawakusema kuwa mimi muongo?"

Mwezi mzima, kaka, alikuwa akiamini hivyo, na sisi wakubwa tunanong'ona sebuleni. Wewe ulipopiga simu hukumuulizia hata hali. Nikamwambia hapana, hakuna aliyesema. Akafuta macho. "Basi ntakwenda tena," akasema, kisha akaomba chakula.

Kwa hiyo sikuombi tena ukatae. Mpigie simu, lakini usianze na kesi. Anza kwa kumwambia kwamba wewe unamwamini.

Msalimie sana Rukaiya, na Hamid na Maisara wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulindeni ugenini na akurudisheni tukutane tukiwa hai.

Mdogo wako akupendaye, na kukuogopa kidogo,
Kidawa