Laptop Imefika, Kamba Imebaki Arusha

Karatu, Jumapili, Julai 2008

Ukungu umeshuka mpaka kwenye bati la duka, na baridi ya mwezi huu haina adabu. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vimekufa ganzi. Hata hivyo leo sina neno baya na mtu yeyote. Nashukuru tu. Wanaonijua watashangaa.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nina steshenari ndogo hapa mjini. Nachapa barua, kadi za harusi, ratiba za mazishi na mitihani ya shule. Kompyuta sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu.

Wiki iliyopita kompyuta yangu ya mezani ilikufa kwa mara ya tatu, kwa virusi. Virusi wenyewe naletewa na waongoza watalii, wanaokuja kuchomeka flashi zao wachapishe picha za simba. Simba wa Ngorongoro akishapita kwenye flashi ishirini anang'ata kuliko akiwa porini. Safari hii alinikuta katikati ya mitihani ya majaribio ya shule za kata ya Daa. Walimu wa kule hawakunificha: isipokuwa tayari Jumamosi saa sita mchana, kazi inahamia kwa jirani, na haitarudi.

Bila mitihani, duka hili ni meza na kiti.

Nikaamua kununua laptop, maana umeme wetu nao hukatika bila kuaga, na kuiwekea Linux, mfumo huria ambao virusi hawa wa flashi hawaujui hata mlango wake. CD yake aliniachia mgeni mmoja Mholanzi aliyekuja kutoa kopi ya pasipoti. Ukiiwasha kompyuta kwa CD hiyo, unauona mfumo ukifanya kazi kabla hujaweka kitu ndani. Tatizo ni kwamba si kila laptop inapatana nao. Moja itagoma skrini, nyingine itakuwa bubu, nyingine haitaki kuijua printa yako.

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda Arusha na CD mkobani, na printa nimeifunga kwenye khanga. Wachumba waonane uso kwa uso kabla ya ndoa.

Aliyeibeba printa ni shemeji Saning'o. Mume wangu yuko Engaresero na wageni, akaona nisisafiri na fedha peke yangu, akamwita mdogo wake kutoka Malambo. Shemeji ni dalali wa ng'ombe. Kompyuta hajawahi kuigusa, ila kununua anakujua.

Naungama: tulipokaribia duka nilitembea hatua nne mbele yake. Shuka nyekundu, fimbo, na printa begani kama mbuzi mgonjwa. Nilitaka muuzaji anione mtu wa mjini.

Muuzaji, Bwana Ramadhani, ni mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Alinitolea laptop ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani. Moyo wangu ulilipa hapo hapo. Nikatia CD, yeye akainama kubonyeza vitufe. "Ngoja nikuonyeshe picha zake kwanza, mama. Inapendeza."

"Mzee, mwache ainuke mwenyewe," shemeji akasema kutoka mlangoni. "Ukimsukuma mkia, nitajuaje kama ana miguu?"

Bwana Ramadhani akaondoa mkono. Laptop ikaunguruma, ikaonyesha nembo, kisha skrini ikawa nyeusi tii. Tukangoja.

"Huyu amelala," shemeji akasema. "Hata ukipewa bure, mwache."

Ya pili iliinuka lakini haikuitambua printa. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, kona moja imemeguka. Sikuitaka. Shemeji ndiye aliyenipokea CD akaitia, taratibu, kama anayemnywesha ndama dawa. Ikaamka. Sauti ikalia. Nikachomeka printa, ikakohoa, ikatoa karatasi yenye neno moja nililoliandika: Daa.

"Mbaya wa uso," shemeji akasema, "ila huyu atafika nyumbani."

Sikutembea mbele yake tena.

Nililipa, nikainama kuifunga printa, yeye akashughulika na mfuko wa laptop. Jioni, Karatu, nikaufungua mfuko huo. Laptop ilikuwemo, chaja haimo.

"Shemeji, ule waya mweusi mrefu uko wapi?"

"Aa, kamba! Nilimrudishia mwenyewe." Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri asante. "Kwetu ng'ombe anauzwa, kamba haiuzwi. Ukichukua na kamba, umechukua na baraka ya waliobaki zizini. Mzee wa watu, nimharibie?"

Nilicheka mpaka nikatoa machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko.

Ijumaa betri ilinipa saa moja na nusu. Hesabu ya darasa la nne ikaisha, Kiswahili kikafika katikati, laptop ikazimika. Nikapiga namba iliyo kwenye risiti.

"Hata mimi nilishangaa, mama," Bwana Ramadhani akasema. "Lakini aliikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniombea heri. Nikasema hii ni mila ya watu, nisiivunjie heshima."

Akaniambia ataituma kwa basi la mchana, na hakutaka hata shilingi. Shemeji alisimama stendi tangu saa saba mpaka saa kumi na moja, katika vumbi lile, asiende hata kunywa chai. Alirudi na chaja kifuani, chini ya shuka. Ilikuwa imekunjwa vile vile alivyoikunja yeye.

Jumamosi saa tano na nusu karatasi ya mwisho ilitoka. Mwalimu aliyetumwa kutoka Daa akahesabu kurasa, akazihesabu tena, akasema, "Muhula ujao, basi." Kwa mwalimu yule, hiyo ni hotuba.

Shemeji ameondoka asubuhi hii. Nilidhani ana furaha, kumbe ana wasiwasi: kamba ikishaondoka, zizi la Bwana Ramadhani limebaki na nini? Nikamweleza kwamba laptop hazizai.

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, si umeona zilivyojaa mpaka dirishani?"

Mtu aliyenichagulia mashine inayofaa bila kujua kuisoma, nitabishana naye mambo ya uzazi?

Lakini alipokwisha kwenda nikakifungua kile kiuzi cheusi kinachofunga waya wa chaja. Ni kamba, ukiitazama kwa jicho la Malambo. Nimekitia kwenye bahasha, nimeifunga pamoja na kopo la asali aliloniachia shemeji, na juu nimeandika: *Bwana Ramadhani, hii ni ya zizi lako.*

Laptop hazizai, najua. Ila basi la kwanza la Arusha linaondoka kesho saa kumi na mbili, na nitakuwa stendi kabla yake.