Nani Aliyekuchongea

Kwako Dada,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe na shemeji, na mama pia, ambaye nina hakika yuko hapo karibu anataka kujua nimeandika nini. Mimi huku ni mzima wa mwili, ila usingizi umenisusa na chakula nakila kwa kukumbushwa. Usishtuke kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatia kabla sijafika nusu, na ungekuwa na haki. Nakuomba uisome kwanza peke yako, na uisome mpaka chini.

Hujawahi kuniuliza kwa undani kazi yangu ni nini. Shemeji huwaambia watu kwamba nafanya kazi kwenye hospitali isiyo na wagonjwa, na hajakosea sana. Kituo chetu cha Kanda cha Kuzuia Majeraha kina vyumba sita na hakina kitanda hata kimoja. Kila wiki zahanati na hospitali za kanda nzima hututumia fomu za watu walioumia. Fomu haina jina. Ina umri, kazi, mtaa, kilichomuumiza mtu na aliyemleta. Mimi nazisoma, kisha nachomeka pini kwenye ramani ya ukutani: nyekundu kwa walioungua, bluu kwa walioanguka, njano kwa walioumia barabarani. Pini zikisongamana mahali, tunakwenda kuangalia kuna nini.

Mkuu wetu ni daktari mmoja mwembamba tunayemwita Mama Kwa Nini. Neno ajali hataki kulisikia. Ukimwambia mtoto ameungua kwa ajali, atakuuliza kwa nini, ukijibu atauliza tena, mpaka mara tano, hadi utamani ungeungua wewe. Lakini ndivyo tulivyojua kwa nini watoto tisa wa mtaa mmoja waliungua maji ya moto ndani ya miezi mitatu: nyumba zote pale zilipikia sakafuni, kwenye ujia wanakopita watoto wakikimbia. Mchomeleaji akawatengenezea meza za chuma za kuwekea majiko, na tangu hapo sijachomeka pini nyekundu pale. Siku ile nilirudi nyumbani kifua mbele.

Ubaya wa kazi hii, dada, ni kwamba inakufundisha kutoamini. Mtu akisema ameteleza, mimi naangalia ameumia wapi. Mume akisema mkewe alijigonga mlangoni, najiuliza ni mlango gani wenye ngumi.

Mwezi wa tatu nilishika fomu ya mwanamke wa miaka sabini na tatu, mwalimu mstaafu, wa mtaa wenu. Ameungua mkono, sufuria ilimponyoka. Aliyemleta: binti yake. Ukimtoa mama, walimu wastaafu wa umri huo mtaani kwenu ni wangapi? Nikafungua kabati, nikarudi nyuma faili kwa faili. Nikakuta kifundo cha mkono, aliteleza. Nikakuta nyusi iliyopasuka, aliteleza. Nikakuta mbavu, aliteleza ngazini. Mara nne katika miezi saba, na kila mara aliyemleta ni binti yake. Jioni ile nikakupigia simu, nikauliza mama hajambo. Ukanijibu kwamba mama ni chuma, anakula, anacheka, nisiwe na wasiwasi. Nilipokata simu nikazitoa tena zile fomu nne.

Nilianza kwa kumshuku shemeji, kwa kuwa kazi imenizoesha kuanzia kwa mwanamume wa nyumba. Nikalinganisha tarehe. Siku mbili kati ya zile nne shemeji alikuwa safarini kikazi. Picha alizonitumia kutoka huko bado ninazo kwenye simu. Sasa ndani ya nyumba alibaki nani?

Unakumbuka nilivyokuja bila taarifa, nikasema nimepita tu? Sikupita, dada. Nilikuja kuchunguza. Nilikuta mlango umefungwa kufuli kwa nje na mama yumo ndani. Uliporudi ulisema ulikuwa umetoka kidogo tu, ukabadilisha mazungumzo. Tukiwa mezani ulitokea ubavuni mwa mama ukamshika bega, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anamtesa. Akanitazama kwa hasira, akaniambia nile chakula kinapoa. Hata hilo nililiandika moyoni kama ushahidi. Mwenye kushuku hakosi cha kuokota.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wiki mbili baadaye afisa ustawi wa jamii alikuja kwako asubuhi pamoja na mjumbe wa mtaa. Akakuhoji sebuleni dirisha likiwa wazi, akampandisha mama mikono ya gauni kutafuta alama, na majirani wakajipanga nje kana kwamba kuna harusi. Ulinipigia simu ukilia mpaka maneno yakawa hayasikiki. Ulisema humtafuti mchongeaji mbali, ni jirani yako mshonaji, maana ndiye aliyekuwa akiuliza kila mara bandeji ya mama ni ya nini. Nikakuambia binadamu ni wabaya. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Tangu siku hiyo nasikia umehamisha kamba ya nguo ili usimwone. Nasikia alikuja kubisha hodi kumjulia mama hali, na ukamwambia mlangoni, "Rudi kwa waliokutuma." Wiki ya sita sasa.

Sasa nikueleze kuhusu yule mzee mwenye futi kamba aliyekuja kwenu Jumatatu. Nakala ya taarifa ya afisa ilifika kituoni, imeandikwa kwamba hakuona dalili za kupigwa, ila anashauri nyumba ikaguliwe. Mama Kwa Nini akamtuma huyo mzee wetu, aliyekuwa seremala kabla ya kuja kituoni. Sisi tunamwita Futi Kamba. Ametuambia ulimpokea kwa kumuuliza kama amekuja kukuhesabia vikombe, kisha ukatoka uani kuanika nguo. Hakukasirika. Alipima ngazi, akapima kizingiti, akachora ramani ya nyumba na kuweka alama kila mahali mama alipoumia.

Alipomaliza akaona kitu ambacho mimi na fomu zangu zote sikukiona. Mkono, nyusi, mbavu, moto: vyote vya upande wa kulia. Akakaa mbele ya mama, akainua futi kamba pembeni mwa uso wake, upande wa kulia, akamuuliza ameinua nini. Mama akasema, "Umeinua nini, mwanangu, paa?" Futi Kamba hakucheka. Akamngoja. Ndipo mama akatoa machozi na kumwambia kwamba tangu mwaka juzi upande ule ni kama pazia limeshushwa.

Anasema hakukuambia wewe kwa sababu ukijua haoni utamzuia kupika, na akizuiwa kupika atakuwa samani tu ndani ya nyumba. Na anasema alikuapisha usiniambie mimi kwamba anaanguka, kwa kuwa mimi na kituo changu tungemchukua na kumfungia kwenye chumba changu cha ghorofani. Kwa hiyo wewe ulificha kwa ajili yake, na yeye alikuficha wewe. Ile kufuli nayo tumeielewa: uliogopa atashuka tena peke yake zile ngazi za kutokea barabarani. Hata hivyo iondoe, dada, leo hii. Moto ukizuka ndani hautasubiri urudi na ufunguo.

Mama Kwa Nini anahofia ni presha ya macho, lakini mwenye kujua ni daktari wa macho. Amesema jicho la kulia huenda limeshakwenda, ila la kushoto likiwahiwa linaweza kulindwa. Nimemwekea mama miadi Alhamisi, saa mbili asubuhi, hospitali ya kanda.

Nimezunguka sana. Najua umeshafika mahali pa kuniuliza, na afisa yule alitoka wapi?

Nilimwita mimi. Niliandika kurasa mbili kwa mkono wangu, nikaambatanisha tarehe za zile fomu nne, nikaomba jina langu lisitajwe. Niliandika kwamba binti anayeishi na mzee huyo hana maelezo ya kuridhisha. Binti! Nilikuandika hivyo wewe uliyenibeba mgongoni. Mshonaji hakusema neno kwa mtu yeyote. Aliuliza bandeji ni ya nini kwa sababu alijali, na mimi niliyejua hayo nilinyamaza wiki sita nikiacha umchukie badala yangu. Kwa kukushuku ningeweza kujitetea, kazi ni kazi. Kwa kule kunyamaza sina utetezi.

Usidhani naweza kurudi nyuma. Futi Kamba anakuja kufunga vishikizo vya ngazi, na ndiye aliyebeba barua hii. Nimempa barua mbili. Nimemwagiza ya mshonaji aifikishe kwanza, kwa hiyo unaposoma hapa yeye ameshajua.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba Alhamisi umlete mama, hata kama hutanisemesha. Nitakuwa kwenye benchi la mapokezi tangu saa moja. Ukitaka nitoke, nitatoka. Ukitaka kunitukana mbele za watu, nitakaa.

Shemeji msalimie, mwambie naye nilimdhania, na ana haki ya kununa. Mama mwambie nampenda na simchukui popote asipotaka. Ukimwambia hayo, kaa upande wake wa kushoto, akuone.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye haya.