Jina Alilozikwa Nalo Sabir Makame

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanakhamis Kombo Faki
Umri: Miaka 43
Kazi: Muuza mikate ya mofa
Makazi: Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa
Tarehe na saa: 25 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: Koplo Beryl Akinyi

Mimi ni Mpemba, mzaliwa wa Kibokoni, na babangu alizaliwa papa hapa. Ni katibu wa kikundi chetu cha Wapemba tunaodai vitambulisho. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nataka kueleza kifo cha Sabir Makame Haji, kuli wa gati ya Mbaraki, na jina alilozikwa nalo.

Kwa miaka mingi Wapemba hatukutambuliwa kuwa Wakenya, na aliyetaka kitambulisho alitafuta Mdigo wa kumwandikisha kama mwanawe. Si siri, hata nyinyi polisi mwajua. Sabir aliandikishwa na Mzee Chirau wa Tononoka, rafiki wa babake, akawa Sabir Chirau. Kwa kadi hiyo alipita lango la gati miaka kumi na mmoja bila kuulizwa neno.

Mnamo tarehe 9 Februari, Jumapili, saa kumi alasiri, tulikutana uani kwangu, watu ishirini na watatu. Serikali ilishasema Wapemba ni Wakenya, lakini maofisini twazungushwa bado. Nilipendekeza kila mwenye baba wa kuazima airudishe kadi, aandikishwe upya kwa jina lake. Sabir alikataa.

"Dada, nikiitoa kadi, langoni n'taingia na nini? Na maneno yako haya matamu?"

Watu walicheka. Nilimjibu mbele yao kwamba mtoto aliye tumboni mwa mkewe, Mejumaa, naye atazaliwa mjukuu wa Chirau. Nilijua hilo litamuuma, ndiyo maana nikalisema.

Mnamo tarehe 18, saa tatu asubuhi, tulikwenda ofisi ya usajili. Watu kumi na wanne walitoa kadi, Sabir akiwa wa mwisho. Karani alizifunga kwa mpira, akasema turudi baada ya siku tisini. Yangu sikuitoa. Nilisema kikundi chahitaji mtu mmoja mwenye kadi wa kuingia maofisini. Ilikuwa kweli, lakini pia niliogopa, na sikumwambia mtu.

Ya tarehe 20, Alhamisi, sikuyaona. Nilielezwa na Kyalo, kuli mwenzake Sabir. Sabir alizuiwa langoni kwa kukosa kadi. Saa moja na nusu asubuhi alipenya penye ukuta uliobomoka ili asikose kazi ya siku. Walinzi walimpigia kelele, akakimbia, akateleza, akaanguka katikati ya gati na meli. Walimtoa saa tatu, ameshakufa.

Saa tano nilifika chumba cha maiti pamoja na Mejumaa. Yeye hana kitambulisho. Alama za vidole za marehemu zilitoa jina la Sabir Chirau. Karani alisema, "Huyo Makame simjui. Mleteni baba yake, na shahidi mmoja mwenye kitambulisho." Tulibishana naye siku mbili. Kwetu maiti haicheleweshwi, na hii ilikuwa kwenye barafu kwa sababu yangu mimi na ubishi wangu.

Jumamosi tarehe 22, asubuhi, Mejumaa aliniambia, "Da Mwanakhamis, waambie watakalo. Mimi nataka mume wangu azikwe tu." Nikampigia simu Mzee Chirau.

Alifika saa nne. Alimwambia karani, "Huyu ni mwanangu. Nipeni n'kamzike." Alikuwa akilia. Nilitia saini chini ya saini yake kwamba marehemu ni Sabir Chirau, Mdigo, na kwamba namjua tangu utotoni. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Wale kumi na watatu waliobaki wananijia mlangoni kutaka kadi zao, nami sina. Wawili hawanisalimu tena, na siwalaumu. Mejumaa ana mimba ya miezi minane. Mtoto akizaliwa, karatasi ya mwisho ya babake ni ile niliyoitilia saini mimi, nayo ni ya uongo.

Nataka ifutwe. Marehemu ni Sabir, mwana wa Makame Haji, Mpemba. Saini yangu pia ni ya uongo, kwa maana kwenye kadi mimi ni binti Tsofa, na babangu ni Kombo Faki. Kadi nimeiweka mezani. Koplo ameniambia kwamba kusema hivi ni kukiri kosa. Nimemwambia aandike. Mzee Chirau asiguswe, ni mimi niliyemwita.

Nimesomewa haya yote. Ni maneno yangu, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: Mwanakhamis Kombo Faki

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Nilimshauri mara mbili aiache sehemu ya kadi yake, alikataa. Kadi yenye jina Mwanakhamis Tsofa imechukuliwa kuwa kielelezo. Shahidi amewekwa seli ya wanawake saa sita kasorobo. Askari wawili wametumwa Tononoka kumleta Chirau.

Koplo Beryl Akinyi