Maji Yamekupwa

Jumatatu, 2 Februari
Sijamwambia mtu. Leo ni mimi niliyemfanya Bibi atoke.

Nilikuwa nafua. Kila asubuhi Bibi huuliza kama maji yamekupwa, ashuke pwani kwenye mwani wake. Mimi hujibu, "Bado, Bibi, yamejaa," naye hutulia. Hajui tena kwamba tuko mjini Pipeline, mbali na bahari, ghorofa ya nne. Leo aliuliza mara ya saba. Nikachoka. Nikasema yamekupwa.

Akachukua kikapu, akashuka. Nikaendelea kusuuza.

Mimi na majirani tulimpata saa sita nyuma ya ploti, jengo letu la kupanga, ndani ya maji ya bomba lililopasuka, kanga kaipandisha magotini. Watoto wanamcheka.

"Shosho, umeshika samaki ngapi?"

"Njooni mshike kamba ya mwani, wavivu nyie!"

Jumanne, 3 Februari
Mama kamgombeza mlinzi kwa kuacha geti wazi. Mzee wa watu kaomba msamaha. Nilisimama pale pale. Mwoga mimi.

Mama anasema sasa Bibi atafungiwa.

Jumatano, 4 Februari


Nililelewa na Bibi kusini mwa Pwani, mbele ya Msambweni, mpaka nilipofika miaka minane. Bamvua ikiingia, maji yakikupwa mbali, wanawake wote waliteremka na kamba. Nilisimama majini nikimpa Bibi vipande vya mwani, yeye anavifunga kambani, kimoja kila shubiri. Nyumba ilibaki wazi, pazia tu mlangoni. Nikipotea, jirani yeyote alinirudisha. Kofi moja, kisha muhogo wa nazi. Nililia huku natafuna.

Bibi hakunifungia hata siku moja.

Alhamisi, 5 Februari
Kufuli limekuja. Mama akienda kazini, ufunguo unabaki kwangu.

Nilifunga nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kikapu mkononi.

"Kwani nimemkosea nani, mwanangu?"

Najichukia.

Ijumaa, 6 Februari
Hakuuliza habari za maji. Siku nzima. Hakula. Kalala akiutazama ukuta.

Jumamosi, 7 Februari
Mama alipoondoka nilifungua. Nikampandisha Bibi juu ya paa, polepole, mkono wangu kiunoni mwake. Ni pale ploti nzima huanika nguo.

Akaishika kamba. Akaivuta. Akasonya.

"Nani kafunga hovyo hivi?"

Akabandua vibanio vyote, akaanza upya. Soksi za majirani, moja baada ya nyingine, fundo moja, shubiri moja, fundo. Vidole vyake havijasahau kitu. Nilimpa soksi, akafunga. Baadaye nilizifungua zote. Alikula sahani mbili.

Jioni Mama aliuliza kama kufuli linasumbua. Nikasema halisumbui.

Jumatatu tutapanda tena. Wewe daftari langu, nakuomba, nyamaza. Mama akijua, ataondoka na ufunguo.