Ukurasa wa Arobaini na Moja

Dada Heike, baba amesoma ukurasa uleule wa kitabu chake mara tatu. Mara tatu, hapa mjini Weimar, na ukumbi umejaa pomoni.

Ni pale anapomzika mama. Alimaliza, akanywa maji, akaanza tena mwanzo. Nikajua ni ule ugonjwa wa kusahau tunaouficha.

Mara ya tatu watu walilia. Wakasimama kumpigia makofi. Wamedhani ni ufundi wa mwandishi mkubwa.

Nikamfuata Osterloh, mchapishaji wake. "Hajui hata yuko wapi. Tusimamishe ziara hii ya kusoma mji hadi mji."

"Tiketi za Leipzig zimeshaisha, Wiebke. Mwache arudie vilevile."

Vilevile, Heike. Kasema vilevile.

Kwenye gari baba ananiuliza, "Mwanangu, tunaanza saa ngapi kusoma?"

Nimemjibu, "Kesho, baba. Leipzig."