Picha ya Sinia

Alhamisi, 3 Julai

Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Rimoti ya deki imefariki dunia leo saa tisa alasiri, dukani kwangu, Kilwa Masoko, baada ya kuugua vitufe kwa muda mrefu. Ameacha deki moja, televisheni moja na fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye magoti mabaya, ambaye sasa atalazimika kuinuka kila akitaka kupeleka picha mbele. Maziko yamefanyika kwenye droo ya vifungo.

Nimeshona sare mbili za shule. Kola moja imekaa upande. Nimeiacha hivyo hivyo, mtoto mwenyewe shingo yake iko upande.

Ijumaa, 4 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa sikushona tena. Grupu liliwaka moto.

Grupu letu la wapenzi wa picha za Kihindi lina watu wa Kilwa, Kiswere, Lindi mpaka Mtama. Mwenyekiti ni mimi. Si kwa elimu. Tulipoanza, deki yangu peke yake ndiyo ilikuwa inasoma CD zenye mikwaruzo.

Utaratibu wetu: ukitaka kupendekeza picha, jibu kwanza maswali matatu. Nyimbo ngapi? Adui anatubu au anakufa? Mama anapona? Hili la tatu aliliweka Kosmasi, mwoka mikate, rafiki yangu. Asipopata jibu lake hatazami kitu.

Leo shemeji Bakari, kaka wa mke wangu, mnunuzi wa korosho kule Mtama, amependekeza picha mpya ya Wahindi wa kusini. Nyimbo nne. Adui anakufa mara mbili. Mama hayumo kabisa. Steringi, shujaa wa picha, anapiga teke gari, linatua ghorofani. Nikasema namheshimu steringi huyo, lakini mtu anayepiga magari mateke hapati muda wa kulia, na picha isiyo na kilio ni mazoezi ya viungo. Bakari akatuma sauti: "Shemeji, wewe umebaki na masteringi wa suruali pana." Kweli. Suruali zile nilizishona mimi. Nusu ya wanaume wa Kilwa wa rika langu walioa wamezivaa, na picha za harusi wamezificha.

Kisha akachokoza pabaya. Akasema hata ile Picha ya Sinia tunayoipigia debe kila siku, yeye kaiona, nayo inaisha kwa msiba. Mama anakufa mwisho.

Grupu zima la Kilwa lilicheka. Mama anakufa mwanzo, kila mtu anajua. Bakari hajaiona. Kaona nyingine.

Jumapili, 6 Julai

Sijalala vizuri kwa ajili ya ubishi huu. Ujinga, najua. Naandika nilichokuwa nataka kumjibu.

Picha ya Sinia sisi ndio tuliiita hivyo, jina lake la Kihindi hakuna anayeliweza. Inaanza na mwanamke mzee mgonjwa. Ni yule mwigizaji tunayemwita Mama Mkubwa, kwa sababu amewazaa masteringi wote wa zama zetu. Anakufa. Watu wanajaa nyumbani. Kilio kizito, nyimbo mbili za huzuni. Halafu, katikati ya picha, ndipo majina ya waigizaji yanapita! Mtengenezaji gani mwingine amethubutu? Baada ya majina tunarudi nyuma miaka yote ile: yule yule mama, kijana, na watoto wake sita wadogo. Umaskini, njaa, vituko. Anawaita wale kwenye sinia moja. Yule wa mwisho huchelewa kila siku kwa michezo, na mama humfunikia fungu lake kwa kawa, akisema, "Msimseme, atakuja." Namna Mama Mkubwa anavyolifunika fungu lile, polepole, mkono unabaki juu ya kawa kidogo. Hana maneno. Hana haja nayo. Sijaona mwigizaji, mwanamume wala mwanamke, anayeweza kuigiza kwa mkono mmoja namna ile.

Mtoto anafika mbio. Mama anafunua. Wote wanacheka. Linatokea neno kubwa jekundu la Kizungu lenye maana ya mapumziko. Basi. Nimewaeleza watu mara ngapi: mtengenezaji anatuambia kifo si mwisho, ni mapumziko tu.

Kosmasi huitazama dukani kwangu kila Aprili. Mama yake alifia Kipatimu wakati wa masika, yeye yuko Mtwara kwenye kazi. Barabara ilikatika. Alifika siku mbili baada ya maziko. Miaka kumi na miwili sasa, na tangu siku ile Kipatimu hajakanyaga. Anakuja tu na mkate wa moto, anakaa kwenye benchi la wateja. Anavumilia msiba wa mwanzo ili afike mwisho, mama yuko hai na anawaita watu wale.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimefunga duka. Bakari amepiga simu: Jumamosi anakuja na picha nzima kwenye flashi, kipande kimoja, itawekwa kwenye banda la video saa nane mchana, kila mtu ajionee. Nikishindwa, uenyekiti wake. Nimekubali kwa mbwembwe.

Mama Nuru, mke wangu: "Utamkabidhi nini sasa, ile rimoti?"

Jumanne, 8 Julai

Nina habari mbaya na ni za kweli.

Nilitaka kujikumbusha picha kabla ya Jumamosi. Nikaweka CD namba 2. Siku zote nikiweka hii nabonyeza rimoti, majina yanakimbia, tunaangukia kwenye wimbo wa watoto. Leo rimoti hakuna na goti linauma. Nikakaa. Kikatokea cheti.

Kile cheti cha serikali yao, cha mihuri na sahihi, cha kuruhusu picha ionyeshwe. Kila picha ya Kihindi huanza nacho. Kila mpenzi wa picha anakijua kama anavyoujua mlango wa kwao. Hakikai katikati. Hakijawahi kukaa katikati.

Nikazitoa CD zote mbili nikazigeuza. Nyeupe tupu, kama nilivyozinunua Lindi kwenye mfuko wa nailoni. Maandishi ni yangu. Moja na mbili, kwa maka peni. Nakumbuka siku hiyo, nilikuwa nabishana na mteja kuhusu upana wa paja, nikaandika bila kuziangalia.

Ya pili ni ya kwanza. Mapumziko ni mapumziko, watu wakanunue karanga. Na mama anakufa mwisho.

Uenyekiti sijali. Naandika tena nijisikie: sijali. Kidogo najali. Lakini Kosmasi atakuwa benchi la mbele.

Jumatano, 9 Julai

Nilikwenda tanurini kwa Kosmasi kumwambia. Nimerudi na mkate.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda tena. Alikuwa anaimba ule wimbo wa watoto huku anakanda unga. Mkate mwingine.

Nimempigia Bakari asije. Nikamwambia banda lina kunguni. Akasema atakuja na dawa.

Ijumaa, 11 Julai

Mikate miwili leo. Mama Nuru ameipanga mezani yote, akakaa mbele yake kama hakimu.

"Baba Nuru, tunafungua duka?"

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo lilinitisha. Akasema niende nikamwambie kabla hajaambiwa na ukuta wa banda. Nikasema kesho asubuhi. Akasema, "Wewe unaogopa kuchekwa, yeye anafiwa mara ya pili. Pima."

Nimepima. Bado naogopa. Mimi ni mwoga wa mtu mmoja mmoja. Mbele ya wengi nina maneno.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefanya. Nilisimama mbele ya banda lote nikasema kosa ni langu, nikaeleza habari za maka peni. Watu walicheka. Kosmasi alielewa. Bakari ndiye mwenyekiti sasa. Nimechoka, silali njaa, mkate upo.

Jumapili, 13 Julai

Mkate umekwisha. Kosmasi hakufungua tanuri leo.

Jumatano, 16 Julai

Niliyoandika Jumamosi si kweli. Daftari hili halisomwi na mtu, sasa nilikuwa namdanganya nani? Yaliyotokea ni haya.

Nilisimama, hilo kweli. Nikakohoa. Nikasema, "Karibuni, zimeni simu, wenye watoto wakae nyuma." Nikaketi. Hotuba yote ndiyo hiyo.

Kikatokea cheti. Bakari alinigeukia na meno yote nje. Kosmasi, pembeni yangu, akaninong'oneza, "Hawa wameanza na CD ya pili." Tukaona watoto, sinia, kawa. Mtoto akafika mbio, mama akafunua, wakacheka, neno jekundu likatokea. Watu wakainuka kwenda kununua karanga. Kosmasi hakuinuka.

"Fundi. Imeisha?"

"Bado."

Aliiingiza mikono yake katikati ya magoti. Alijua. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kutoka, na mimi niliomba Mungu atoke. Akakaa.

Mama Mkubwa akazeeka mbele yetu. Akafa. Watu wakajaa. Halafu akaingia yule mwanamume mwenye begi.

Huyu lazima nimweleze. Kwa mpangilio wangu wa maka peni, anaingia mapema mno, kabla hatujamjua mtu yeyote. Tulimchukulia kuwa mpita njia. Anakuja msibani, anapewa chakula kilichofunikwa, anakula. Nimehutubia juu yake miaka na miaka: tazameni ukarimu wa Wahindi, hata kwenye msiba mgeni halali njaa! Nimemtolea mfano harusini.

Jumamosi hakuna aliyehitaji hotuba. Kabla hajatua begi, banda zima lilikuwa limemtambua. Ni yule mtoto wa mwisho kwenye sinia. Amechelewa. Anaambiwa mama wamemchoma juzi, kwa desturi yao. Dada yake analeta sahani, juu yake kawa. Anafunua, anakula. Hakuna wimbo, hakuna ngoma. Mtengenezaji yule, Mungu ampe maisha, anamwacha ale mpaka sahani inakuwa nyeupe, na sisi tunamtazama. Nimeitazama sehemu ile zaidi ya mara ishirini. Sikuwahi kuiona. Ni picha kubwa kuliko nilivyokuwa naisifia, na nilikuwa naisifia sana.

Hata vijana wa mateke waliziacha karanga. Bakari alijifuta macho kwa kofia.

Kosmasi alitoka kabla haijaisha. Nikamfuata nyuma ya banda, na hapo ndipo nikamwambia, nimechelewa kama yule mwenye begi. Maka peni. Cheti. Yote.

"Umejua toka lini?"

"Jumanne."

"Na mikate yote ile?"

"Nilikuwa nakuja kukwambia."

Nilidhani atacheka. Mtu mwingine yeyote angecheka. Akasema, "Miaka kumi na miwili, Fundi," akaondoka. Jumapili, Jumatatu, Jumanne hakunisalimia. Jana alipita mbele ya duka akatazama upande wa pili, na upande wa pili hakuna kitu, kuna ukuta. Uenyekiti ulipoondoka nilisikia kama nimevuliwa kofia. Hili lilikuwa jambo jingine. Ni kama nimekata kitambaa cha mtu vibaya mara mbili.

Leo mchana alikuja. Unga mpaka viwikoni. Hakukaa kwenye benchi, alisimama mlangoni.

"Yule mwenye begi," alisema. "Baada ya kula, walimpeleka kaburini?"

Nikamwambia wale hawana kaburi. Majivu yanakwenda mtoni, hakuna pa kumpeleka mtu.

Kuna mteja alikuwa anajaribu gauni nyuma ya pazia, naye akatulia.

"Basi mimi nina afadhali," alisema. "Langu lipo."

Akauliza kama cherehani linaweza kusimama siku mbili. Nikasema hata tatu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi kuna gari la Kipatimu. Barabara wakati huu ni kavu. Mama Nuru amenipigia pasi shati. Kosmasi hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alisema nisije na malapa, njia ya kwao ni ya mlima.