Ngazi ya Babu na Vioo vya Kipimo

Nyumbani kwenu, chumba cha juu
Jumapili, nguo zikiwa bado kambani

Ewe Chura wa Mtaro, kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko? Mgongo je? Mara ya mwisho ulisema mizigo ya ghalani inakukunja kama karatasi, nikacheka, halafu nikajuta kucheka. Ule mkanda wa kiunoni umeanza kuuvaa, au umeuficha chini ya kitanda kama ulivyokuwa ukificha dawa ya minyoo? Uvae, tafadhali. Mgongo hauna spea, hata mimi siwezi kukutafutia.

Sisi huku wazima. Baba kikohozi kimemwachia, sasa amerudia ile kazi yake ya kulalamikia taarifa ya habari. Mimi nazidi kufungua simu za watu, na siku hizi nikizifunga zinawaka, kwa hiyo wateja wameongezeka na heshima imeanza kuchungulia mlangoni. Mama yako mzima, meza yake ya funguo ipo palepale, tupa ileile, miwani ileile iliyofungwa uzi. Yeye ndiye aliyenishikisha kalamu, ingawa hajui. Mambo aliyoyafanya nikikwambia kwa simu mtandao utakula nusu, na yeye mwenyewe hatakusimulia. Akiulizwa anasema, "Tulikwenda, tukarudi." Kaka, hatukwenda tukarudi tu.

Kwanza usikasirike. Tulikuficha jambo. Nyumba ya babu, hii hii ninayokuandikia ndani yake, ilikuwa inakwenda mnadani. Dalali alishafika kuiangalia. Aligonga kuta kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akauliza kama bafu lina maji ya moto. Shangazi, mama yako, akamjibu kwamba yapo, sufuria iko jikoni.

Unaikumbuka ile ngazi ya nje? Babu aliijenga ishuke moja kwa moja, vidato vya chini vikakalia mtaro. Ndipo ulipopatia jina lako, ukiruka lile dimbwi kila ukitoka shule. Wewe ulikuwa unaliruka, lakini yale maji yalikuwa yanakwenda kwa mtu. Yalikuwa yanaingia karakana ya fundi vioo, yule mzee tuliyemwita Kipimo kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki mfukoni hata akienda kuposa. Kipimo akatushitaki manispaa. Mkaguzi wa majengo akaja, akaona, babu akaandikiwa faini. Babu akasema, "Hayo ni ya Kipimo, yatapita." Toka siku hiyo nyumba hizi mbili zikawa zinasalimiana kwa shingo tu, mdomo haushiriki.

Ngazi tuliigeuza, unajua. Baba alimleta mwashi, sasa inashuka kwa ubavu, mtaro uko huru. Tukaona yamekwisha. Hapo ndipo tulipokosea, na nakuapia nusu ya mtaa huu wangekosea vilevile. Faini hii haikatwi mara moja. Inahesabiwa kila siku mpaka mkaguzi arudi aone kwa macho yake kwamba kosa limerekebishwa, na mkaguzi hanusi harufu ya saruji mpya akaja mwenyewe. Lazima uende umwite. Hakuna aliyekwenda kumwita. Ngazi imegeuzwa, watu tunapanda tunashuka, tunafanyia harusi pale juu, na huku faini inatiririka kama bomba lililosahauliwa wazi.

Babu alipotutoka, Shangazi akaenda kubadilisha hati iwe kwa jina lake. Karani akamwambia kwenye nyumba kuna zuio. Huwezi kuirithi, huwezi kuiuza, huwezi kuikopea, mpaka deni la manispaa liishe, na lisipoisha inapigwa mnada. Alipotajiwa deni lenyewe akaomba kiti. Karani akampa chake.

Mimi hapo nikawaka, unanijua. Sikuitwa Kiberiti bure. Nikasoma sheria ndogo zote za manispaa kwenye simu, zile wanazoziweka humo wakidhani hakuna atakayezifungua. Nikakuta ipo kamati ya kupunguza faini za nyumba za kuishi. Ukithibitisha kosa lilirekebishwa lini, zile siku za baada ya hapo wanaweza kuzifuta. Nikaruka kitandani. Nikaandika maombi, nikaandika na hotuba. Kaka, ile hotuba ilikuwa nzuri, ilikuwa na sehemu ya babu na jasho lake, nikiisoma mbele ya kioo machozi yananilenga.

Shangazi akaisikiliza yote huku anakata ufunguo. Akapuliza vumbi la chuma. Akasema, "Nzuri. Sasa nani ataiamini?"

Nikamwambia tuna majirani, tuna mwashi, tuna mchungaji.

"Mwashi tulimlipa. Mchungaji anatupenda. Ukitetewa na rafiki, watu wanausikia urafiki. Mimi nataka anayetuchukia."

Nikadhani uchungu umempanda kichwani. Akafunga meza yake mchana kweupe, akavuka mtaro, akabisha hodi kwa Kipimo. Nikamfuata nyuma kama mkia. Mzee alikuwa kwenye kibanda chake cha nje anachora mstari juu ya kioo, hakuinua uso mpaka mstari ulipofika mwisho.

"Jirani," Shangazi akasema, "nimekuja kuomba ushahidi wako."

"Ushahidi gani? Mimi ndiye niliyewashitaki."

"Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akamtazama, akanitazama na mimi kama kioo chenye ufa. "Nitasema nilichokiona. Na kile kisichokupendeza nitakisema."

"Hicho usikisahau," akasema mama yako.

Mzee akaongeza jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Alisema kabla ya kwenda manispaa alibisha hodi kwa babu mara tatu. Babu alimkaribisha mara zote, akamsikiliza, akamsindikiza mpaka mlangoni, na hakugusa hata tofali. Shangazi akasema, "Ni yeye kabisa." Wakacheka wote wawili. Kaka, nilikuwa sijawahi kumwona Kipimo akicheka. Ana meno mazuri.

Siku ya kamati tulikaa kwenye ule ukumbi wa manispaa wenye madirisha marefu. Mwenyekiti mama mmoja mpole wa sauti, macho makali. Pembeni yake mwanasheria, na mkaguzi, kijana tu, viatu vina matope, nikampenda kwa hayo matope. Hotuba yangu mfukoni inanichoma paja. Shangazi alikuwa ameniambia nikifungua mdomo kabla ya kuulizwa atanikatia ufunguo wa huo mdomo.

Mwenyekiti akauliza ngazi iligeuzwa lini. Kwenye maombi niliandika mwaka uleule tulioshitakiwa, kwa sababu ndivyo sote tulivyokumbuka. Akamgeukia Kipimo.

"Si kweli," akasema mzee.

Nikaipapasa hotuba mfukoni.

"Mwaka ule walivunja vidato viwili vya chini, wakaacha kifusi humohumo mtaroni. Maji yakaendelea kuja kwangu kama kawaida. Nilikuwa napanga vioo juu ya matofali. Wenyewe waliona wamemaliza. Mimi niliyekuwa nafagia maji najua hawakumaliza."

Nikamwangalia Shangazi nikitegemea kuona hasira. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayesikia ufunguo ukiingia vizuri kwenye kitasa.

"Walimaliza mwaka uliofuata," mzee akaendelea. "Ngazi ikageuzwa, kifusi kikatolewa. Toka hapo sakafu yangu ni kavu."

Mwanasheria akauliza ana uhakika gani na mwaka. Wala hakumdharau, aliuliza kama kazi yake inavyomtaka. Kipimo akainua kidole, akaelekeza madirisha.

"Hivi vioo niliviweka mimi, mlipokarabati ukumbi huu mwaka huohuo. Mafremu yenu yalichelewa. Vikalala sakafuni kwangu masika nzima, vimeegemeana. Kioo kikipata maji kikiwa kimepangwa hivyo kinashika ukungu ambao haufutiki hata ukioshe kwa machozi. Maji yangekuwa bado yanaingia kwangu, leo msingeona nje."

Chura, watu wote tuligeuza shingo. Mwenyekiti aliondoka kitini akaenda mpaka dirishani, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, akatazama nje. Kuna mti, kuna baiskeli imeegemezwa ukutani, vinaonekana vizuri kabisa. Akasema, "Ukarabati naukumbuka. Tulikaa na maturubai madirishani tukapigwa na mvua humu ndani." Mkaguzi akacheka. Mwanasheria naye akacheka, akaandika.

Basi wakaifuta faini yote ya baada ya ule mwaka. Ile ya kabla, ya maji ya kweli yaliyoingia kwa mtu, waliipunguza kwa kuwa babu hayupo na mwenye nyumba ni mkata funguo. Hawakuifuta yote, na Shangazi hakuomba waifute yote. Alisema ile ni halali yao. Kilichobaki ni mkia, na mla ng'ombe mzima hashindwi na mkia. Ameshaulipa. Hotuba yangu niliichana njiani vipande vidogo, mama yako akanizuia nisivitupe chini, akasema tusije tukaandikiwa faini nyingine.

Nikwambie ukweli, mimi niliyejifundisha kila kitu mwenyewe na kujiona nimefika, siku ile nimejifunza kitu ambacho hakimo kwenye simu. Watu wawili walikaa miaka wamenuniana, na hakuna hata mmoja aliyemzulia mwenzake uongo. Wakati nyumba inakwenda, ukweli huo ndio ukawa nguzo pekee tuliyoweza kuegemea. Nikimwona mzee sasa namwamkia kutoka mbali kabla hajaniona.

Lakini bado jambo moja, na ndilo linalonisumbua. Zuio halitolewi kwa kulipa tu. Kamati imesema kabla mwezi haujaisha tumwite mkaguzi aje auone mtaro ukiwa safi, kutoka ngazini kwetu mpaka kona. Akiridhika, hati inatoka kwa jina la mama yako. Mwezi ukiisha hajaitwa, msamaha unakufa na faini ya zamani inafufuka nzima.

Jana nikachukua koleo, nikainua mifuniko ya zege mmoja mmoja, nazoa tope. Kwetu safi. Nikafika mbele ya karakana ya Kipimo. Chini ya mfuniko, katikati ya mtaro, kuna nguzo. Nguzo ya kile kibanda chake, imemwagiwa zege mpaka chini. Maji yanapita ubavuni mwake kwa shida. Alikijenga mtaro ukiwa umeshafunikwa, naona alidhani unapita karibu zaidi na upande wetu. Yeye, Kipimo, amekosea kipimo. Nilirudisha mfuniko pole pole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Na kile kibanda si cha mapambo. Karakana yake ndani ni giza, macho yake siku hizi hayaoni mstari ila nje, kwenye mwanga wa jua. Kile kibanda ndicho kinachomlisha. Nikimwambia, namjua, atakivunja siku hiyohiyo, na kama hakivunji ataenda mwenyewe manispaa kujishitaki. Nisipomwambia, huenda mkaguzi akatazama ngazi yetu, akainua mfuniko mmoja, akatia sahihi, akaondoka. Huenda pia akainua ule, mzee aandikiwe faini na hati yetu ikwame. Yule kijana hana woga wa matope, nilikwambia. Na hapo mzee atajua kwamba mkaguzi aliyeliona kosa lake tulimwita sisi.

Shangazi sijamwambia. Amelala usingizi wa kweli wiki hii, nasikia anavyokoroma mpaka huku juu.

Msalimie rafiki yako wa ghalani, yule anayekupikia ukichoka. Baba anakusalimu, anasema umtumie picha, umbo lako amelisahau. Yule mwashi wa ngazi naye anakusalimu, amepata mjukuu. Kipimo mwenyewe aliniambia juzi, "Yule mruka maji wenu mpe salamu zangu," basi salamu hizo nakuwekea hapa. Mungu akulinde mgongo na moyo, akurudishe ukiwa na vyote viwili.

Sasa niko dirishani. Chini pale mzee ametoa kioo kikubwa, anakisimamisha kibandani, anakifuta taratibu, jua linampiga mgongoni. Namba ya mkaguzi ninayo kwenye simu. Mlango wa Kipimo ni hatua chache kutoka ngazini kwetu. Ungekuwa wewe, Chura, ungefanyaje?

Dada yako akupendaye hata akizimika,
Kiberiti